Funga Mfereji, Lisha Maji

Ulimwengu uliisikia Simi-Simi kwa sababu ya uwanja wake wa ndege. Hapo ndipo ndege za C-130 zilipotua asubuhi ya tarehe 24 Novemba 1964, askari wa miavuli wa Ubelgiji walipokuja kuwatoa mateka waliokuwa mikononi mwa waasi wa Simba, wakati huo Kisangani ikiitwa bado Stanleyville. Safari kubwa zilihamia baadaye Bangoka, upande wa pili wa Kisangani, na uwanja wa zamani ukaachiwa ndege ndogo na za kijeshi. Wenyeji wana sababu nyingine za kuijua Simi-Simi. Iko magharibi ya jiji, ukingo wa kulia wa mto Kongo, na kama pembezoni mwa Kisangani kote, ardhi yake imekatwa na mabonde yenye vijito. Na penye kijito kisichokauka, Kisangani, mtu hakosi kuchimba etangi, yaani bwawa la samaki.

Sababu ya kuchimba inaonekana sokoni. Jiji la Wagenia, wavuvi ambao mitego yao ya miti kwenye maporomoko ni miongoni mwa vitu vinavyopigwa picha zaidi katika mkoa wa Tshopo, linakula mpiodi aliyegandishwa akitoka bahari ya mbali na makayabu aliyekaushwa kwa chumvi. Samaki wa mto yupo, lakini bei yake humfanya awe wa sikukuu. Mwenye bwawa la ari tatu, yaani mita za mraba 300, anapiga hesabu yake: vifaranga vya tilapia, pumba kidogo ya mpunga, majani ya mihogo, miezi sita, na pesa ya ada ya shule imepatikana.

Miezi sita ikifika anavua samaki wa urefu wa kidole.

Lawama huangukia mbegu: vifaranga vilikuwa vibaya, ukoo umechoka. Au huangukia chakula: pumba ilikuwa ghali. Ni kweli kwamba mbegu mbaya zipo, na ni kweli kwamba tilapia huzaana mapema mno hadi bwawa likajaa watoto wanaogombania tonge moja. Lakini mara nyingi kosa liko mbele ya macho ya kila mtu, nalo ni maji yenyewe. Maji ya vijito vingi vya msituni yana rangi ya chai ya rangi, ni laini, ni machachu, na hayana kitu. Mvua ya Kisangani, milimita 1,700 hadi 1,800 kwa mwaka, imeosha udongo huu kwa miaka isiyohesabika. Kalsiamu imekwenda, fosforasi iliyobaki imeshikwa na chuma na alumini za udongo mwekundu, na msitu mkubwa unaoonekana kuwa utajiri unaishi kwa kuokota upesi kila jani linaloanguka kabla mvua haijalichukua. Kijito kinachotoka humo kinabeba masazo ya masazo.

Tilapia wa Mto Naili, ambaye ndiye anayefugwa zaidi Kongo leo, hahitaji kusubiri mkono wa mtu umtupie pumba. Chakula chake cha asili ni mwani: vijimea vya kijani visivyoonekana kwa jicho, vinavyoelea majini na kujilisha kwa mwanga wa jua, naitrojeni na fosforasi. Jambo hili lilichunguzwa kwa makini si mbali sana na Tshopo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 timu ya kimataifa ya wanasayansi ilipiga kambi kwenye Ziwa George, magharibi ya Uganda, ziwa la ikweta lenye kina cha wastani kisichozidi mita mbili na nusu, lililo kijani mwaka mzima. Mwani wa ziwa lile kwa sehemu kubwa ni wa aina ya kijani-buluu, na wataalamu wa zamani waliamini kwamba samaki humeza mwani huo na kuutoa ulivyo. David Moriarty alionyesha kwamba tilapia anaumeng'enya vizuri, kwa sababu tumbo lake hutoa asidi kali ajabu, pH ikishuka hadi 1.4. Usiku samaki hali, na asidi hupungua. Alfajiri anaanza kula, asidi inapanda taratibu, na mlo wa kwanza wa siku kwa kweli hupita bila kumeng'enywa sawasawa. Kufikia mchana kiwanda kimewaka.

Maana yake kwa mtu wa Simi-Simi ni rahisi. Bwawa likiwa kijani, samaki anakula kutwa nzima bila kugharimiwa. Likiwa angavu kiasi cha kuonyesha sakafu, samaki ana njaa, hata kama maji yanapendeza.

Hapa ndipo penye ugomvi wa kweli kati ya wataalamu na wenye mabwawa, na maandishi haya yako upande wa wataalamu. Mabwawa mengi ya pembezoni mwa Kisangani yanapitishiwa maji usiku na mchana. Bomba la mwanzi au la plastiki linamwaga upande mmoja, na upande wa pili maji yanatoka kurudi kijitoni. Mwenye bwawa huona fahari juu ya mlio wa maji hayo: maji yanayotembea ni maji safi, na samaki wa mtoni amezoea mkondo. Wapo hata wanaomwaga samadi asubuhi huku bomba likiendelea kutiririka.

Tuipige hesabu hiyo. Bomba linalojaza bidoni ya lita 20 kwa sekunde 20 linatoa lita moja kila sekunde. Mtu akiliangalia ataliona dogo. Kwa siku moja linaingiza lita 86,400, yaani mita za ujazo 86. Bwawa la ari tatu lenye kina cha wastani cha sentimita 80 lina mita za ujazo 240. Kwa hiyo kila baada ya siku tatu hivi, kiasi kilekile cha maji kilichomo kimeingia na kingine kimetoka. Mwani baada ya kupata mbolea huhitaji siku tano hadi saba kuongezeka hadi maji yabadilike rangi. Hauwahi. Unakua, unasukumwa, unatoka na naitrojeni yake na fosforasi yake, na samaki wa mto Kongo ndio wanaofaidi samadi ya kununuliwa.

Bwawa linahitaji maji kiasi gani basi? Yale tu yanayopotea. Jua la Kisangani hukausha kama milimita nne kwa siku, nazo mvua hurudisha zote na zaidi kidogo ikigawanywa kwa mwaka. Kuvuja kunategemea udongo na jinsi kuta zilivyoshindiliwa. Tukikadiria kwamba jumla ya upotevu ni sentimita moja kwa siku, kiasi cha ukarimu, ari tatu zinadai lita 3,000. Bomba lile lile linazileta kwa dakika 50. Likishamaliza, lifungwe kwa kipande cha gogo na udongo wa mfinyanzi. Siku ya mvua kubwa lisifunguliwe kabisa, na mfereji wa kupitisha mafuriko pembeni uwe wazi ili maji ya mlimani yasikate njia katikati ya bwawa.

Mabwawa yaliyojengwa kwa kuziba bonde zima ndiyo yenye taabu zaidi, kwa kuwa kijito chote hupita ndani yake. Hayo hayarutubishiki. Mwenye nayo ana kazi mbili tu za kuchagua: achimbe mfereji wa pembeni wa kukizungusha kijito, au aache kununua samadi.

Elimu hii si ngeni katika nchi hii. Kilomita kama 100 chini ya mto, Yangambi, Wabelgiji waliweka kituo kikuu cha INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoanzishwa mwaka 1933. Mwaka 1949 wataalamu wa Kibelgiji na wa Kiingereza walikutana Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa mkutano mzima juu ya ufugaji wa samaki. Kufikia mwisho wa ukoloni Kongo ilikuwa na mabwawa zaidi ya 100,000, mengi yakiwa yamechimbwa kwa shinikizo la utawala. Uhuru ulipokuja, shinikizo likaondoka na mabwawa yakaota majani. Hakuna ajabu hapo: mtu aliyelazimishwa kuchimba shimo, akavua humo samaki wa kidole, hana deni la kulitunza. Miaka ya 1970 na 1980 vijana wa Kimarekani wa shirika la kujitolea la Peace Corps waliokwenda mikoa ya Bandundu na Kasai walianza upya na familia zilizotaka zenyewe, wakiwa na tilapia wa Naili na fundisho ambalo karibu lote lilikuwa juu ya komposti. Waliondoka baada ya uporaji ulioikumba nchi mwaka 1991. Baadhi ya mabwawa yale yaliendelea, na vifaranga vyake vikapita mkono kwa mkono.

Kabla ya komposti, hata hivyo, pana jivu.

Jivu linatangulia kwa sababu ya uchachu. Wataalamu wa mabwawa hutumia kipimo cha ualkali, na wamekubaliana kwamba maji yenye chini ya miligramu 20 kwa lita hayaitikii mbolea ipasavyo. Maji ya msituni mara nyingi yako chini kabisa ya hapo. Fosforasi ikitiwa katika bwawa la namna hiyo, tope la chini linainyakua na kuifunga kabla mwani haujaigusa. Jambo hili liliwasumbua hata Wamarekani wa Alabama, kwenye udongo mwekundu unaofanana na wa Tshopo, ambako H. S. Swingle wa chuo cha Auburn alianza miaka ya 1930 kurutubisha mabwawa ya wakulima. Yapo mabwawa yaliyotiwa mbolea tena na tena yakakataa kuwa kijani mpaka yalipotiwa chokaa.

Kwa udongo mchachu, kilo 10 hadi 20 za chokaa ya kilimo kwa ari ni kipimo cha kawaida. Lakini chokaa ikisafirishwa hadi Kisangani, kwa meli ya mto au kwa barabara mbovu, inafika na bei ya dawa. Jivu la kuni lina nguvu ya nusu ya chokaa au pungufu, kwa hiyo litahitajika mara mbili au zaidi. Faida yake ni kwamba halinunuliwi. Jiji zima linapika kwa kuni na makaa. Tanuri za mikate na za matofali zinatupa jivu kila siku. Linakusanywa kwenye magunia, linafunikwa lisinyeshewe kwa sababu mvua huliosha nguvu yake, kisha linatawanywa juu ya sakafu ya bwawa lililokaushwa, likachanganywa na tope la juu kwa jembe. Samadi husubiri kama wiki mbili. Anayemwaga vyote siku moja anasikia harufu kali puani: ni amonia, naitrojeni yake inapanda hewani.

Kisha samadi, na hapa Tshopo ina shida ambayo watu wa Goma au Butembo hawaifahamu. Ng'ombe ni wachache. Mbung'o wa msituni wamehakikisha hivyo. Ipo samadi ya kuku, ya bata na ya nguruwe, na ya mbuzi kwa anayeweza kuikusanya. Kwa miaka mingi mpango mmoja wa utafiti wa Kimarekani uliendesha majaribio katika nchi kadhaa za tropiki. Kituo chake cha Rwasave, karibu na Butare nchini Rwanda, kilijaribu samadi ya kuku na majani mabichi kwenye maji ya baridi ya nyanda za juu. Kule Thailand, kwenye joto linalolingana na la Kisangani, mpango huo ulifikia kipimo kinachonukuliwa hadi leo: kilo 28 za naitrojeni na kilo 7 za fosforasi kwa hekta kila wiki. Kwa ari moja ni gramu 280 na gramu 70.

Tafsiri yake kwa banda la kuku inatisha kidogo. Samadi kavu ya kuku ina naitrojeni kama asilimia tatu, hivyo zinahitajika kilo tisa au kumi kwa wiki. Kuku mmoja mkubwa hutoa kama gramu 30 kavu kwa siku. Ari moja inadai karibu kuku 45 au 50, na bwawa la ari tatu linadai kuku kama 140. Nguruwe mkubwa mmoja hufikisha kama nusu ya kipimo cha ari moja. Ni nani Simi-Simi mwenye kuku 140? Wapo wachache, na hao kwa kawaida wana wateja wengine wa samadi yao, kina mama wanaolima lengalenga, yaani mchicha, mabondeni. Kwa hiyo kipimo cha Thailand ni dari, wala hakipaswi kumfanya mtu akate tamaa. Nusu yake kwenye bwawa lililotiwa jivu na kufungwa mfereji inazidi kwa mbali kipimo kizima kwenye bwawa linalotiririka.

Pengo linazibwa na komposti. Kwenye pembe ya bwawa, ndani ya maji, vinachomekwa vigingi kwa karibu hadi vitengeneze uzio; eneo lake lifike sehemu moja ya kumi ya bwawa, na kwa bwawa kubwa ni afadhali nyua mbili kuliko moja. Humo yanaingia majani mabichi, magugu ya shambani, majani ya mihogo yaliyobaki baada ya kupika sombe, maganda ya ndizi, gugu-maji la mtoni, samadi yoyote iliyopatikana na jivu kidogo. Majani magumu ya migomba yakatwekatwe, la sivyo mwaka utaisha yakiwa yale yale. Kosa la kawaida ni kuujaza uzio siku ya kwanza na kuusahau. Lundo lisiloguswa huoza juu juu, huota uyoga, na chini linabaki limeshikamana bila hewa. Linatakiwa kukorogwa kwa mti kila siku mbili tatu, mpaka maji ya kahawia yatoke katikati ya vigingi, na kuongezewa majani kila wiki.

Samadi ya kuku ina njia yake. Badala ya kumwagwa, hutiwa kwenye gunia, gunia likafungwa kwenye mti na kuachwa linaning'inia nusu ndani ya maji. Kila asubuhi mtu analitikisa mara chache. Wingu la rangi ya kahawia linatoka kwenye nyuzi za gunia, linasambaa, na ndani ya muda mfupi vifaranga wanakuja kulidonoa pembeni. Maranda na manyoya yanabaki ndani.

Kujua kama imetosha hakuhitaji maabara. Mwaka 1865 padri wa Kiitaliano, Angelo Secchi, alishusha sahani nyeupe baharini ili kupima uangavu wa maji, na wafugaji wa samaki duniani kote bado wanatumia kifaa chake. Kifuniko cha kopo kilichopakwa rangi nyeupe na kupigiliwa kwenye fimbo kinafanya kazi ile ile. Kikipotea machoni kati ya sentimita 25 na 30, bwawa liko sawa. Asiye na kopo ana mkono: anauzamisha wima, kiganja kikiwa kimekunjwa kuelekea juu, akisimama jua likiwa kali. Kiganja kikipotea maji yakifika karibu na kiwiko, vizuri. Kikionekana bado maji yamepita kiwiko, ongeza. Kikipotea maji yakiwa kwenye kifundo cha mkono, acha kila kitu. Tahadhari moja ni kwa maji yaliyochafuliwa na tope baada ya mvua. Hayo nayo huficha kiganja, lakini hayana chakula. Rangi itafutwe kwanza, kina baadaye.

Kuzidisha ni hatari ya kweli. Mchana mwani hutoa oksijeni. Usiku huitumia, pamoja na samaki na vijidudu vinavyoozesha samadi. Kiwango cha chini kabisa hufikiwa kabla ya jua kuchomoza. Samaki wanaoonekana alfajiri wamepanga midomo juu ya maji, wakipiga funda za hewa, hawachezi. Siku mbili za mawingu mfululizo, ambazo si ajabu Kisangani mwezi wa Oktoba au Novemba, zinatosha kulifikisha hapo bwawa lililoshiba kupita kiasi. Siku hizo gunia litolewe majini. Na alfajiri ya namna hiyo ndiyo saa ya kufungua mfereji kwa nguvu zote, maji mapya yaingie kwa kuruka kutoka juu na yale ya chini yatolewe. Anayepitisha maji siku zote ana hoja yake hapo, kwa asubuhi chache za mwaka. Ngolo, yaani kambare, ambaye ana namna ya kuvuta hewa ya juu, atanusurika hata mfereji usipofunguliwa. Tilapia hana kipawa hicho.

Ngolo ana nafasi nyingine pia, pamoja na mongusu, samaki mla samaki wenzake. Bwawa likishakuwa kijani, tilapia huzaana bila kipimo, na rutuba yote inaishia kwenye maelfu ya watoto. Mongusu wachache wadogo, wakitiwa baada ya tilapia kukua kuwazidi, huwapunguza watoto hao na wenyewe huuzwa vizuri kuliko tilapia.

Mavuno yanatofautiana kwa udongo, mbegu na wizi, kwa hiyo tarakimu zichukuliwe kama makadirio. Bwawa la msituni lisilolishwa wala kurutubishwa hutoa kilo tatu hadi tano kwa ari kwa mwaka. Likirutubishwa kwa bidii, bila chakula cha kununua, kilo 15 hadi 30 zinawezekana. Siku ya kulikausha, tope la chini lenye rangi nyeusi ndilo linalobaki na sehemu kubwa ya fosforasi yote iliyotiwa, na wenye bustani za lengalenga wanalijua. Kiasi cha juu kinaweza kupakuliwa na kuuzwa kwao, au kubadilishwa na samadi ya msimu unaofuata. Linalobaki liachwe likauke hadi lipasuke, wiki mbili kama mvua itaruhusu, kisha magunia ya jivu yaletwe tena.